Maji Yanapoingia Nyumbani na Ghalani

Nyumba ya mwanachama ndiyo ghala lake la kwanza. Humo hulala watoto wake, hukaa chakula cha mwaka, mbegu za msimu ujao na stakabadhi za mazao aliyokwisha kuuza. Kwa hiyo maji yanapoingia ndani hayaharibu kuta peke yake. Huharibu pia msimu unaofuata. Ni vyema kila Katibu awasomee wanachama maelezo haya kabla mvua hazijaanza.

Kujua maji yametoka wapi

Katika Mwanza na ufuko wote wa Ziwa Viktoria, maji huingia nyumbani kwa njia tatu, na kila njia ina dawa yake.

Njia ya kwanza ni paa linalovuja. Hapa maji ni machache, na dawa ni kuziba tundu kabla ya kushughulikia ukuta.

Njia ya pili ni maji ya vilimani. Mji wa Mwanza umejengwa kati ya vilima vya mawe, na mwamba haunywi maji. Mvua kubwa inaponyesha, maji huteremka kwa kasi hadi mabondeni, na Mto Mirongo hufurika. Maji haya huja ghafla na kuondoka upesi, lakini huacha tope na uchafu wa vyoo.

Njia ya tatu ni ziwa lenyewe. Sehemu kubwa ya maji ya ziwa hili hutokana na mvua inayonyesha juu yake, na mto unaoyatoa ni mmoja tu, yaani Nile, huko Jinja. Mvua zikizidi kwa miaka kadhaa, ziwa hupanda. Ndivyo ilivyokuwa tangu mwaka 1961 hadi 1964, kimo kilipopanda kwa karibu mita 2 na nusu. Na mwaka 2020 ziwa lilipanda tena kiasi cha kukaribiana na kimo cha 1964, likafunika nyumba, mialo na mashamba ya ufukoni. Maji ya namna hii hayana haraka ya kuondoka. Anayeyachota kwa ndoo hufanya kazi bure, maana hupanda kutoka chini ya sakafu. Dawa yake ni kuhama mapema na mali yote. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na anayejenga upya hana budi kuizingatia.

Saa za kwanza

Watu hutangulia mali. Watoto na wazee wapelekwe mahali pa juu. Umeme uzimwe kwenye swichi kuu. Lakini iwapo swichi hiyo imezungukwa na maji, isiguswe mpaka fundi wa umeme afike. Anayeingia majini avae viatu vya mpira, kwa sababu ya kichocho, vigae vya chupa na nyoka.

Kuta za matofali mabichi zitazamwe kutoka nje kabla ya mtu kuingia. Tofali bichi likilowa hupoteza nguvu zake, na ukuta uliosimama wakati wa mafuriko waweza kuanguka siku ya pili. Ukuta ulioinama, uliotumbuka chini au wenye ufa mpya uegemezwe magogo, na pasilale mtu ndani.

Maji ya kisima kilichofunikwa na mafuriko yasinywewe mpaka kisima kisafishwe na kutiwa dawa. Kwa muda huo maji yachemshwe hata yatokote, kwa kuwa kipindupindu na homa ya matumbo hufuata mafuriko.

Kusafisha na kukausha

Tope litolewe likiwa bado bichi, kwani likikauka hushika kama saruji. Kisha sakafu na kuta zisizo za udongo zisuguliwe kwa sabuni na maji safi. Madirisha na milango ifunguliwe mchana kutwa, na vitanda na makabati yasogezwe mbali na ukuta ili hewa ipite. Ukungu huanza kuota baada ya siku moja au mbili tu.

Kosa linalofanywa na wengi ni kupiga lipu ya saruji juu ya ukuta wa udongo uliolowa. Lipu hiyo hufungia unyevu ndani, na ukuta huoza polepole bila mwenye nyumba kuona. Yafaa kubandua lipu iliyolegea na kuacha ukuta ukauke kabisa, hata ikiwa ni kwa majuma mengi.

Chakula na pamba

Nafaka iliyofunikwa na maji ya mafuriko isiliwe. Ile iliyolowa kidogo kwa paa kuvuja itengwe na ianikwe siku ile ile juu ya turubai. Kuikagua, chukua chupa kavu, tia nafaka kidogo na chumvi kavu, utikise: chumvi ikishikamana na chupa, nafaka bado ni mbichi. Nafaka iliyoota ukungu huweza kuwa na sumukuvu, ambayo haiishi kwa kupikwa. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Pamba iliyolowa isichanganywe kamwe na pamba kavu. Hupata joto ndani ya lundo, nyuzi hugeuka rangi, na gunia moja laweza kushusha daraja la mzigo wa wanachama wote.

Vitabu vya chama

Ukuta hujengwa tena, lakini daftari la hisa likipotea, mwanachama hupoteza ushahidi wa haki yake. Vitabu vilivyolowa visianikwe juani wala kurasa zisitenganishwe kwa nguvu. Viwekwe kivulini penye upepo, na karatasi kavu zipachikwe kati ya kurasa na kubadilishwa mara kwa mara. Vikiwa vingi kuliko nguvu za Katibu, vifungwe katika mifuko ya plastiki na kuombewa nafasi katika jokofu la kugandishia samaki: baridi kali huzuia ukungu mpaka ipatikane nafasi ya kuvikausha kimoja kimoja.

Wajibu wa kamati

Kabla ya vuli na kabla ya masika, kila kamati ikague paa la ghala, izibue mifereji, na iinue magunia juu ya chaga, mbali na ukuta. Daftari la wanachama na la hisa ziwe na nakala katika jengo jingine lililo mahali pa juu. Kazi hizi ni za siku moja, na gharama yake ni ndogo kuliko ya gunia moja lililooza.