Stroberi Kati ya Jalidi na Utitiri

Mwezi wa Julai, wingu zito linapoikalia Limuru tangu alfajiri hadi jioni na watu wakashinda na makoti mchana kutwa, maua ya stroberi huwa salama. Ni Januari, jua likiwaka na anga likiwa halina hata wingu moja, ndipo maua hayo huungua kwa baridi kabla ya mapambazuko. Jambo hili huwashangaza wengi wanaoanza kulima zao hili katika nyanda za juu za Kenya, kwa sababu baridi inayohisiwa na ngozi ya mtu mchana siyo ile inayoua ua usiku. Kinachoua ni jalidi, ambayo wengine huiita sakitu, yaani tabaka jembamba la barafu linalojitokeza juu ya majani na nyasi usiku uliotulia. Jalidi haidondoki kutoka mawinguni kama mvua, bali hutokana na ardhi na mimea yenyewe kupoteza joto kuelekea angani. Wingu hurudisha chini sehemu kubwa ya joto hilo, na upepo huchanganya hewa baridi ya chini na ile ya juu iliyo na joto kidogo, kwa hiyo pasipo wingu wala upepo mmea huachwa bila kinga yoyote. Kusini zaidi, Njombe na Makete nchini Tanzania, ambako kipupwe cha Juni hadi Agosti ni kikavu na anga huwa wazi, majira ya baridi na majira ya jalidi ni yale yale, na mkulima wa huko hana fumbo la kufumbua.

Asili ya zao lenyewe inaeleza udhaifu wake. Stroberi inayolimwa leo duniani, ambayo wanabotania huiita Fragaria × ananassa, ni chotara iliyopatikana katika bustani za Ulaya katika karne ya 18, baada ya Mfaransa Amédée-François Frézier kurejea kutoka Chile mwaka 1714 akiwa na miche michache ya matunda makubwa, ambayo ilikuja kuchavushwa na aina nyingine iliyotoka Amerika ya Kaskazini. Katika nchi za mbali na ikweta, siku zinapofupika na baridi kuzidi, mmea huu husimamisha ukuaji na uhai wake hujificha ndani ya shina fupi nene lililo usawa wa udongo, ambalo majani huota juu yake na mizizi chini yake. Shina hilo likiwa limelala huvumilia baridi ya nyuzi kadhaa chini ya sifuri. Karibu na ikweta hakuna usingizi wa namna hiyo. Mchana huwa na saa 12 hivi mwaka mzima, na aina kama Chandler, ambayo kwa maumbile yake hutunga maua mchana unapokuwa mfupi, hupata ishara hiyo kila siku, kwa hiyo jalidi ikija usiku wowote hukuta maua yamefunguka.

Ua lililofunguka hufa joto lake likishuka hadi nyuzi 1 hivi chini ya sifuri katika kipimo cha Selsiasi. Tunda bichi hustahimili hadi nyuzi 2, na tumba ambalo bado limefumbwa kabisa huweza kuhimili hadi nyuzi 5. Sehemu inayotangulia kufa ni ile ya katikati, penye viungo vya kike, ambayo hugeuka kutoka rangi ya manjano kuwa nyeusi huku petali zikibaki nyeupe, kiasi kwamba shamba lililoungua huonekana kwa mbali kuwa limenawiri, na hasara ikajulikana wiki 4 au 5 baadaye, siku ya kuchuma. Hata ua lililoumia upande mmoja tu huleta kasoro, kwa kuwa nyama ya stroberi, ambayo kitaalamu ni kikalio cha ua kilichovimba, hukua pale tu penye punje zilizochavushwa. Kila punje miongoni mwa zile zinazoonekana juu ya ngozi ya tunda hutoa homoni inayochochea sehemu iliyo chini yake kuvimba, na penye punje zilizokufa tunda hupinda na kubaki gumu.

Hapo ndipo ushauri wa vitabu vya Ulaya na Marekani unapompotosha mkulima wa Kinangop. Vitabu hivyo huagiza shamba lifunikwe kwa nyasi kavu wakati wa baridi, na kwa mmea uliolala agizo hilo ni sahihi, kwa sababu kinacholindwa ni shina. Mmea unaochanua hauwezi kufukiwa hivyo, na nyasi zikitandazwa kati ya mistari tu huongeza madhara badala ya kuyapunguza, kwani udongo ndio ghala la joto la mchana, na matandazo huliziba ghala hilo kwa juu, joto lisiingie vizuri mchana wala lisitoke usiku kulisaidia ua lililo sentimita chache juu yake. Udongo usio na matandazo wala magugu, uliomwagiliwa maji siku moja kabla, huhifadhi joto na kulitoa usiku vizuri kuliko udongo mkavu uliotifuliwa karibuni.

Hewa baridi ni nzito, na hutiririka mteremkoni kama maji hadi ikatuama bondeni, kwa hiyo shamba la stroberi hustahili kuwa ubavuni mwa kilima. Wigo wa michongoma uliofungamana upande wa chini wa shamba hufanya kazi ya bwawa, hewa hiyo ikajaa mpaka ikayafikia maua. Pengo la mita chache kwenye wigo, lenye lango la fito, huiachia njia. Kuhusu desturi ya kuchoma takataka usiku ili moshi ulifunike shamba, inatosha kusema kwamba chembe za moshi ni ndogo mno kuzuia joto linalopotea kutoka ardhini, na anayefaidika ni yule anayeota moto.

Kinga yenye manufaa zaidi kwa mkulima mdogo ni kitambaa chepesi cheupe cha kufunikia mazao, kinachopitisha hewa na mwanga, kikatandazwa juu ya fito zilizopindwa ili kisiguse maua, na kingo zake zikafukiwa udongoni. Hutandazwa alasiri, ardhi ikiwa bado na joto, na huondolewa asubuhi jua likishapanda. Karatasi ya nailoni inayopitisha mwanga ni dhaifu kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu huachia sehemu kubwa ya joto la ardhi lipite, na pale inapogusa ua huliunguza.

Mashamba makubwa ya ng'ambo hutumia maji. Gramu 1 ya maji ikiganda hutoa kalori 80 za joto, na vinyunyizio vikiendelea kulowesha mmea usiku kucha, ua lililovikwa barafu hubaki karibu na sifuri bila kufa. Lakini gramu hiyo hiyo ikigeuka mvuke huchukua kalori 600 hivi, zaidi ya mara 7 ya ilizotoa, kwa hiyo mkulima anayezima pampu kabla barafu haijayeyuka huua maua ambayo baridi yenyewe ingeyaacha. Gharama nyingine iko chini ya ardhi: Januari 2010, wakulima wa eneo la Plant City, Florida, walivuta maji ya visima usiku baada ya usiku kuokoa stroberi zao, kina cha maji kikashuka ghafla, na ardhi ikatitia na kufunguka mashimo zaidi ya 100. Penye kisima kimoja kinachotegemewa na kaya kadhaa, njia hii haifai.

Kila kinga dhidi ya baridi, hata hivyo, humfungulia mlango adui mwingine, na jambo hili mara nyingi huachwa nje ya ushauri kwa kuwa baridi na wadudu huandikwa katika sura mbili tofauti za kitabu. Kitambaa kinachosahaulika juu ya mimea mchana huwazuia nyuki, na matunda yakapinda kama yaliyopigwa na jalidi. Tena hutunza joto ambalo ndilo anasa ya utitiri wa madoa mawili, Tetranychus urticae. Huyu si mdudu kwa maana kamili ya kibayolojia, bali ni ndugu wa buibui mwenye miguu minane, asiyefikia hata milimita 1, anayefyonza utomvu upande wa chini wa jani mpaka upande wa juu ukajaa vidoa vyeupe na baadaye kuwa na rangi ya shaba. Katika joto la nyuzi 25 hadi 30, yai huwa utitiri mzima kwa muda wa siku 10 hivi. Kumkimbilia kwa dawa ni kosa, kwani amekwisha kujenga usugu dhidi ya viini zaidi ya 90 vya viuatilifu, na dawa za kuua kila mdudu humwondolea maadui wake, akiwemo utitiri mwindaji Phytoseiulus persimilis, ambaye hamdhuru mmea na huishi kwa kuwala utitiri hawa na mayai yao. Kufunua shamba kila asubuhi, kuzuia vumbi la barabarani na kukagua majani kwa kuyapindua mara mbili kwa wiki hutangulia dawa yoyote.

Unyevu nao huleta maadui wengine. Maua yaliyokufa kwa jalidi yakiachwa shambani huwa makazi ya ukungu wa kijivu, kuvu inayoitwa Botrytis cinerea, ambao huhamia kwenye matunda mazima. Ni lazima yachumwe na kufukiwa mbali. Konokono wasio na gamba hujificha chini ya matandazo manene na kutoboa matunda usiku, na majivu yanayomwagwa kuwazuia hayafanyi kazi yakishalowa, kwa hiyo ni heri matandazo yawekwe chini ya matunda baada tu ya majira ya jalidi kupita, na konokono waokotwe kwa tochi. Sota, kiwavi anayekata miche michanga usawa wa ardhi, hupatikana kwa kufukua udongo kidogo kando ya mche ulioanguka. Ndege, hasa kuzumburu, hawana dawa isipokuwa wavu.

Kipimajoto kinachotundikwa barazani huonyesha nyuzi 2 hadi 4 zaidi ya joto la ua usiku wa jalidi. Kiwekwe sehemu ya chini kabisa ya shamba, kimo cha ua, kisomwe muda mfupi kabla ya jua kuchomoza, na namba ziandikwe pamoja na hali ya anga ya jioni iliyotangulia, ili ijulikane jioni zipi zinahitaji kitambaa na zipi hazikihitaji. Miongoni mwa vifaa vyote vilivyotajwa hapa, hicho ndicho cha kununuliwa kwanza.