Kuwasilisha Utafiti kwa Slaidi: Msikilizaji Kwanza



Ndugu msomaji, baadhi ya ndugu zetu waliomaliza madrasa wako vyuoni sasa, kama Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo au Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro. Huko hukutana na jambo ambalo wachache walifundishwa: kusimama mbele ya watu kwa dakika 15 na kueleza utafiti wa mwaka mzima kwa kompyuta na projekta. Wengi huhamisha kurasa za ripoti kama zilivyo, kisha humpa ukumbi mgongo na kusoma ukutani. Watu husinzia, na aliyesumbuka porini mwaka mzima huondoka bila kueleweka.

Madhara yake yanaweza kuwa makubwa. Januari 2003 chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Columbia kiligongwa bawa na kipande cha povu kilipokuwa kinaruka. Wahandisi waliwaandalia wakubwa wa NASA slaidi kuhusu hatari hiyo. Kichwa cha slaidi moja kilitia moyo. Lakini chini kabisa, kwa maandishi madogo, ndipo palipokuwa na habari yenyewe: kipande kile kilikadiriwa kuwa na inchi za ujazo 1,920, na vilivyowahi kujaribiwa vilikuwa na 3 tu. Tarehe 1 Februari chombo kilisambaratika kikirudi duniani na watu 7 wakafa. Slaidi haikuvunja bawa, lakini tume iliyochunguza ajali iliitaja slaidi hiyo katika ripoti yake kama mfano wa namna jambo zito linavyoweza kufichika mbele ya macho ya watu.

Hivyo basi, kichwa cha slaidi kiseme ulichokigundua. Tuchukue jambo la hapa kwetu. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Iringa na Zambia hukata ndani ya Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, na wanyama kugongwa na magari ni tatizo ambalo watafiti wameliandikia tangu miaka ya 1990. Tuseme mwanafunzi amehesabu mizoga barabarani kwa miezi sita. Akiandika juu ya slaidi “Wanyama waliogongwa Mikumi”, hajasema kitu. Akiandika “Wanyama wengi hugongwa usiku”, hata aliyechelewa kuingia ukumbini ameshapata habari. (Huu ni mfano wa kujifunzia, si matokeo ya utafiti.) Chini yake asiweke jedwali la safu 12. Achore mstari wa barabara na kutia nukta kila palipokutwa mzoga. Ofisa wa hifadhi akiona nukta zimesongamana mahali pamoja atajua pa kuweka matuta, na jedwali likae kwenye ripoti.

Slaidi moja ibebe jambo moja. Kwa dakika 15, slaidi 10 hadi 12 zinatosha kabisa. Herufi ziwe kubwa kiasi cha kusomwa na aliyekaa mstari wa nyuma, na ziwe nyeusi juu ya weupe, kwani kumbi zetu nyingi zina madirisha yasiyo na mapazia na jua la mchana hufuta rangi zote za mapambo. Ama zile herufi zinazoruka na kuzunguka, waachieni watoto.

Pia jiulize unazungumza na nani. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Ilonga, wilayani Kilosa, kimeshughulikia mahindi kwa miaka mingi, na mbegu kama Staha na Kito zilitolewa mwaka 1983. Mbele ya maprofesa, mtafiti wa mbegu ataeleza namna alivyogawa vishamba vya majaribio. Mbele ya wakulima wa Kimamba au Rudewa, swali la kwanza litakuwa itakomaa kwa siku ngapi, na mvua ikikatika itakuwaje. Huko huenda hata umeme usiwepo. Chora mchoro wako mkuu kwenye karatasi ya manila, uibandike ukutani, uzungumze. Mchoro usioeleweka kwenye manila hautaeleweka kwenye projekta pia.

Fanya mazoezi kwa sauti, saa ikiwa mbele yako. Wazazi wanaweza kusaidia sana hapa: kaeni jioni mmsikilize kijana wenu, naye bibi au babu ambaye hakusoma fani hiyo aulizwe amesikia nini. Akirudia jambo kuu kwa maneno yake, kazi imekwenda vizuri. Akisema tu “umezungumza vizuri mjukuu wangu”, basi rudia kutengeneza. Siku yenyewe beba kazi yako kwenye flashi mbili, na nakala ya karatasi mkononi, maana umeme haupigi hodi unapokatika. Ile dua ya Nabii Musa ya kufunguliwa fundo la ulimi tunaihifadhi tangu utotoni, na mahali pake ni hapa.

Baada ya hapo huja maswali, ambayo wengi huyaogopa kuliko hotuba. Msikilize muulizaji hadi amalize, kisha lirudie swali kwa ufupi ili ukumbi wote usikie. Usilolijua sema hulijui. Imamu Malik, pamoja na elimu yake, alijulikana kwa kusema hajui. Liandike swali hilo, mwombe muulizaji namba ya simu, na ukishapata jibu umpelekee.