Pikipiki ya umeme si baiskeli: Yanayomhusu motari wa Masisi na Walikale

Safari ya kwenda Ntoto, mpakani mwa Masisi na Walikale katika mkoa wa Kivu ya Kaskazini, ni kazi ya motari. Magari hukwama kwenye tope, na pikipiki ndiyo hubeba mgonjwa anayepelekwa hospitali, mwalimu anayefuata mshahara wake na dumu la mafuta ya mawese linalokwenda sokoni. Petroli ya kuendeshea usafiri huo nayo hupanda milima kwa madumu na chupa, na kila hatua ina bei yake.

Ndiyo maana yanayotokea Kigali yanafuatiliwa kwa makini upande huu wa mpaka. Kampuni ya Ampersand ilianza kuingiza pikipiki za umeme katika biashara ya abiria jijini humo mwaka 2019, kwa mfumo wa kubadilisha betri: dereva anaacha iliyoisha, anachukua iliyojaa, anaendelea na kazi. Kufikia Januari 2025 serikali ya Rwanda ilikuwa imeamua kwamba pikipiki mpya zinazosajiliwa kubeba abiria Kigali ziwe za umeme pekee, huku zile za petroli zilizokuwa tayari barabarani zikiruhusiwa kuendelea.

Chombo kipya kinapoingia sokoni huja na maneno yake. Kwa vyombo vya umeme, maneno hayo ni kwamba havina injini, havinywi petroli, basi havihitaji plaki, permi wala asiransi. Anayeyaamini anaweza kupoteza chombo chake kizuizini. La kutisha zaidi, anaweza kumgonga mtu na kujikuta analipa gharama za hospitali peke yake.

Sheria inaangalia nini

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wakati huo ikiitwa Zaire, ilijiunga mwaka 1977 na Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu usafiri wa barabarani. Mwaka uliofuata, tarehe 30 Agosti 1978, ikapata sheria yake ya barabara, Namba 78/022, ambayo ndiyo msingi wa kanuni za barabarani nchini. Ni maandishi ya enzi ambayo hakuna aliyewaza kwamba siku moja baiskeli itachajiwa kama simu.

Mkataba wa Vienna unaeleza baiskeli kuwa chombo kinachosukumwa kwa nguvu za misuli pekee za watu walio juu yake. Neno la kushika hapo ni hilo "pekee". Pikipiki ndogo unaieleza kuwa chombo chenye injini ya mwako isiyozidi sentimita za ujazo 50, na ambacho kimeundwa kisizidi kilomita 50 kwa saa. Pikipiki kamili ni chombo cha magurudumu mawili chenye injini ya kukisukuma. Katika maelezo hayo ya mwisho hakuna petroli iliyotajwa.

Kwa maneno hayo, mota ya umeme ni injini. Pikipiki inayoondoka kwa kuzungushwa mkono, bila kukanyaga pedali, ni pikipiki hata kama haitoi moshi wala mlio. Inahitaji dereva mwenye permi ya pikipiki, plaki, taa zinazowaka na kofia ngumu, ambayo motari wengi wa Kivu wanaiita kaske. Vivyo hivyo kwa asiransi. Agizo la Januari 1973 linalolazimisha bima ya kulipa wanaodhurika linahusu vyombo vinavyojiendesha kwa mashine, na halikuuliza mashine hiyo inakula nini. Tangu sheria ya bima ya mwaka 2015, SONAS si kampuni pekee inayoruhusiwa kuuza bima nchini, kwa hiyo mwenye pikipiki ana pa kulinganisha bei.

Amri za usalama nazo hazitenganishi. Goma imewahi kuzuia pikipiki kutembea usiku kwa sababu ya mauaji na wizi. Anayedhani kwamba ukimya wa mota utampa ruhusa ya kupita saa hizo anacheza na maisha yake, maana askari aliye gizani haoni betri, anaona kivuli cha mtu juu ya magurudumu mawili.

Mahali penye utata wa kweli ni baiskeli yenye pedali ambayo mota inamsaidia tu mpandaji. Kwa herufi za mkataba wa 1968 si baiskeli, kwa sababu misuli haiko peke yake. Lakini kuiita pikipiki na kudai plaki kungekuwa kichekesho. Ulaya ililitatua jambo hili kwa namba. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, chombo hubaki baiskeli ikiwa mota yake haizidi wati 250, inasaidia pale tu mtu anapokanyaga pedali, na inajikata mwendo ukifika kilomita 25 kwa saa. Kikipita hapo kinahama kundi. Ubelgiji, ambako wanaishi Wakongo wengi, baiskeli za umeme zinazofika kilomita 45 kwa saa zinadaiwa plaki, kofia na permi, na mpandaji awe ametimiza miaka 16.

Hili linamhusu mtu wa Masisi kwa sababu mitumba ya Ulaya huja na baiskeli zake. Iliyotengenezwa kwa kanuni za huko huwa na maandishi kwenye fremu: EPAC, EN 15194, wati 250, kilomita 25 kwa saa. Maandishi hayo hayamfungi polisi wa Kongo, lakini ni hoja nzuri ya kumwonyesha kwamba chombo ni baiskeli. Yakiwa yamekwanguliwa, au kama fundi ameifungua programu ya mota ili ikimbie zaidi, hoja hiyo imekufa, na breki zilizoundwa kwa kilomita 25 zinalazimishwa kusimamisha mwendo wa 45.

Karatasi na vizuizi

Kuna ugumu ambao Kigali na Brussels hawaujui. Goma iko mikononi mwa AFC/M23 tangu Januari 2025, na mapigano yamepita Masisi hadi Walikale. Motari anaweza kuondoka eneo lenye mamlaka moja asubuhi na kulala chini ya nyingine, kila moja ikiwa na karatasi zake na ada zake. Hata kabla ya hapo hali haikuwa nyepesi: utafiti wa taasisi ya IPIS ya Ubelgiji uliotolewa mwaka 2017 ulihesabu vizuizi 798 katika Kivu ya Kaskazini na ya Kusini, vingine vya watumishi wa serikali na vingine vya makundi yenye silaha.

Mbele ya kizuizi cha namna hiyo permi haimwokoi mtu, na kusema vingine ni kumdanganya msomaji. Kazi ya karatasi ni siku ya ajali, siku ya wizi, na siku ambayo mtu anadai chombo si chako. Stakabadhi ya ununuzi iandikwe namba ya fremu, namba ya mota, namba ya betri na nguvu ya mota kwa wati. Kwa chombo cha umeme, namba ya betri ina uzito wa pekee. Betri ndiyo sehemu ghali kuliko nyingine na huchomolewa upesi. Katika mfumo wa kubadilishana huenda hata isiwe mali ya dereva, bali ya kampuni.

Mlimani si Kigali

Aliyezoea pikipiki ya petroli huhitaji siku kadhaa za kujifunza upya. Mota ya umeme hutoa nguvu zake zote tangu gurudumu linapoanza kuzunguka. Kwenye lami hiyo ni raha. Kwenye tope, ikiwa na magunia nyuma, mkono ukizungushwa kwa pupa gurudumu la nyuma hukimbilia pembeni na abiria yuko chini kabla hajashika kitu.

Kuteremka ni kugumu zaidi. Motari wa Masisi hushuka kwa gia ndogo na kuiachia injini imzuie. Pikipiki nyingi za umeme hazina gia wala klachi. Baadhi zina mota inayozuia mwendo huku ikirudisha umeme kwenye betri, lakini betri iliyojaa haina pa kuuweka umeme huo, basi msaada hupungua au hukoma. Anayechaji juu ya mlima usiku kucha na kuanza siku yake kwa mteremko mrefu anabaki na breki za kawaida tu, na breki zikipata moto hulegea. Ni heri kuondoka betri ikiwa haijajaa kabisa, kubana breki kwa vipindi badala ya kuzikalia, na kusimama njiani zipoe.

Kisha kuna ule ukimya. Watoto, mbuzi na watu wa chukudu wamezoea kusikia pikipiki kabla ya kuiona. Honi kwenye kona na taa ya mbele inayowaka hata mchana si mapambo.

Kuhusu kaske hakuna ubishi. Shirika la Afya Duniani linasema kofia iliyovaliwa sawasawa inapunguza hatari ya kufa katika ajali kwa zaidi ya mara 6, na hatari ya kuumia ubongo kwa hadi asilimia 74. Inayoning'inia kwenye usukani ikisubiri polisi haimo katika hesabu hiyo. Abiria naye ana kichwa.

Betri na jua

Jiji la New York lilijifunza kuhusu betri kwa gharama kubwa. Mwaka 2023 idara yake ya zimamoto ilihesabu moto 268 uliotokana na betri za lithiamu, na watu 18 walikufa. Mwaka huo huo jiji likapiga marufuku kuuza baiskeli za umeme na betri zisizo na cheti cha usalama. Sababu zinazotajwa katika mikasa ya aina hii zinajulikana kwa yeyote aliyewahi kuona betri ikitengenezwa sokoni: chaja isiyo yake, seli za mitumba zilizounganishwa upya, betri iliyoanguka au kuingia maji kisha ikachajiwa hivyo hivyo.

Katika nyumba ya mbao tahadhari ni zile zile, ila kosa ni la haraka zaidi. Betri isichajiwe mlangoni, kwa sababu ikiwaka inafunga njia ya kutokea. Isichajiwe watu wakiwa wamelala, wala karibu na dumu la petroli. Ikivimba, ikitoa harufu au ikiwa ya moto bila sababu, itolewe nje mbali na nyumba na isichomekwe tena.

Halafu kuna umbali. Kutoka Goma hadi Masisi ni kilomita zipatazo 80, na baada ya Sake barabara inapanda. Pikipiki inayosemwa na muuzaji kwamba inakwenda kilomita 80 ilipimwa ikiwa nyepesi na mahali tambarare. Yenye abiria na mzigo haitafika, na Ntoto iko mbele zaidi.

Huko mbele umeme wa kutegemewa ni wa jua. Paneli ya wati 300 hutoa takriban kilowati-saa 1 kwa siku njema. Betri ya pikipiki yenye kilowati-saa 3 itahitaji siku tatu za jua kwa safari moja. Betri ya baiskeli ya umeme, yenye nusu kilowati-saa, itajaa kabla ya saa nane mchana, na wingu la jioni litakuta kazi imekwisha. Kwa muuguzi anayezunguka vijijini au mfanyabiashara wa sabuni na chumvi, chombo kinachowezekana leo ni hiyo baiskeli, yaani kile kile ambacho sheria ya 1978 haikukiandalia jina. Hadi kitakapopata jina, mwenye nacho atembee na stakabadhi yake, aache maandishi ya fremu kama yalivyo, na asiifungue mota.