Jina na Utambulisho: Uhusiano wa Akaunti ya Kikoa na Mtumiaji wa Programu

Makala haya yanakusudia kufafanua namna akaunti ya kikoa inavyofungamanishwa na mtumiaji wa programu ili mtu ajitambulishe mara moja tu. Kikoa ni jumla ya kompyuta na akaunti zinazosimamiwa pamoja na seva kuu. Hoja yetu ni kwamba kiungo cha pande hizo mbili kisiwe jina.

Kwanza, yafaa kutofautisha uthibitisho, yaani kumjua anayeingia, na idhini, yaani kuainisha anayoruhusiwa kutenda. Katika utaratibu wa Kerberos, uliobuniwa katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, Marekani, miaka ya 1980 na kuingizwa katika Windows 2000, seva ya kikoa humthibitisha mtu na kumpa tiketi ya muda. Programu huipokea tiketi hiyo bila kuiona nywila. Idhini, hata hivyo, aghalabu hubaki katika orodha ya watumiaji ya programu yenyewe.

Je, programu itajuaje kwamba mwenye tiketi ndiye mtumiaji fulani katika orodha hiyo? Tuchukue mfano wa kudhania wa ofisi ya umma katika kata ya Mashewa, wilayani Korogwe. Kikoa kimemwandika karani "Ramadhani". Programu ya stakabadhi imemwandika "Ramadhan". Irabu moja yatosha kumfungia mlango. Hatari kubwa zaidi ni kinyume chake. Karani huyo akihamishwa, kisha mgeni mwenye jina lilelile akapewa akaunti ya jina hilo, programu inayolinganisha majina itamrithisha mamlaka ya mtangulizi wake. Stakabadhi za wawili zitaonekana kuwa za mmoja. Fedha zikipungua, atawajibika nani?

Kwa sababu hiyo, Windows huipa kila akaunti namba ya utambulisho. Namba hiyo haibadiliki jina libadilikapo, wala haipewi akaunti nyingine katika kikoa hicho. Tiketi nayo huibeba. Hiyo ndiyo ipasayo kuandikwa katika kumbukumbu ya mtumiaji. Uoanishaji wa mara ya kwanza ufanywe na msimamizi kwa kulinganisha na jalada la ajira, programu isiachiwe kukisia. Aidha, mtumishi aondokapo, akaunti yake ifungwe, ilhali kumbukumbu yake katika programu ihifadhiwe bila mamlaka yoyote, kwani ndiyo shahidi wa aliyoyatenda.

Kwa muhtasari, akaunti hueleza mtu ni nani, na mtumiaji hueleza anaruhusiwa nini. Majina hufanana; dhamana ya kazi haina budi kubaki ya mtu mmoja.