Kadi za Stanley Matthews: Desturi ya Kukusanya Picha za Mchezaji Mmoja

Leo hatusemi habari za kilimo wala za maradhi ya mifugo. Twataka kueleza jambo ambalo huenda mzee akaliona kuwa ni mchezo wa watoto tu, nalo ni desturi ya kukusanya kadi zenye picha za mchezaji wa mpira ampendaye mkusanyaji. Ni jambo dogo, lakini ndani yake mna biashara kubwa, tena mna neno la kusikitisha, kama mtakavyoona.

Kwanza yafaa tujue kadi hizo zilitoka wapi. Karibu na mwaka 1880, katika nchi ya Marekani, sigara ziliuzwa katika pakiti za karatasi laini. Pakiti ikitiwa mfukoni hujikunja, na sigara zilizomo huvunjika. Basi wenye viwanda wakatia ndani kipande cha karatasi ngumu ili kuikaza. Baadaye wakaona ni hasara kuiacha karatasi nzuri bila kitu juu yake, wakaipiga chapa picha: wanawake wazuri, askari, ndege, merikebu, na wachezaji. Waingereza wakaiga desturi hiyo kabla karne ile haijaisha. Kampuni ya Wills ya mji wa Bristol na ya John Player ya mji wa Nottingham zilikuwa miongoni mwa zilizotoa kadi nyingi kabisa. Mwaka 1896 kampuni ya Marcus ya Manchester ilitoa kadi za wachezaji wa mpira, na hizo huhesabiwa kuwa za kwanza za mchezo huo kutiwa katika pakiti za sigara.

Kadi yenyewe ni ndogo. Urefu wake ni inchi 2 na nusu na kitu, na upana wapata inchi 1 na theluthi. Mbele pana picha. Nyuma pana namba, jina la mchezaji, chama chake, maneno machache juu ya uchezaji wake, na jina la kampuni. Seti nzima mara nyingi ilikuwa ya kadi 50. Na hapo ndipo ilipokuwa hila ya biashara: pakiti imefungwa, wala mnunuzi hajui ni namba gani iliyomo. Mwenye kadi 49 hulala akiiwaza ile ya 50, na kesho hununua pakiti nyingine.

Lakini waliozitaka zaidi hawakuwa wavuta sigara, bali watoto wao. Wavulana wa Uingereza walisimama penye milango ya maduka na ya viwanja vya mpira, wakamwomba kadi kila mtu mzima aliyetoka na pakiti mkononi. Nyumbani walimsihi baba anunue sigara za kampuni fulani, si za kampuni nyingine, kwa kuwa seti yao haijatimia. Shuleni walibadilishana: mbili za mlinzi asiyejulikana kwa moja ya mshambulizi mwenye sifa. Tena walizichezea. Kadi moja iliegemezwa ukutani, na wachezaji kwa zamu wakazirusha zao kwa vidole ili kuiangusha; aliyeiangusha alizichukua zote zilizokuwa chini. Watoto wetu wachezao kwa vizibo vya chupa hawahitaji kuelezwa zaidi. Kwa sababu ya mchezo huo, kadi nyingi za zamani zina pembe zilizopondeka, na iliyosalia na pembe kali ina thamani kuliko nyingine.

Sasa tumtaje mchezaji wetu. Tumemchagua Stanley Matthews kwa kuwa kadi zake zaonyesha mambo yote tunayotaka kuyaeleza. Alizaliwa tarehe 1 Februari 1915 katika Hanley, mtaa mmoja wa mji wa Stoke-on-Trent, mji wa wafinyanzi. Baba yake alikuwa kinyozi, tena mpiganaji wa ngumi, akamlea mwanawe kwa mazoezi ya kila asubuhi. Mwaka 1932 kijana alianza kuchezea Stoke City, na mwaka 1934 aliichezea nchi yake. Mahali pake palikuwa ubavuni kulia. Aliujongeza mpira polepole mpaka karibu kabisa na mlinzi, akajipinda kama aendaye kushoto, na mlinzi alipogeuka yeye alikuwa amekwisha kupita kulia. Walinzi walijua kwamba atafanya hivyo, wakazuiwa vilevile.

Mwaka 1947 alihamia Blackpool kwa pauni 11,500. Tarehe 2 Mei 1953 alicheza fainali ya Kombe la Uingereza. Bolton walikuwa mbele kwa mabao 3 kwa 1, lakini Blackpool walishinda kwa 4 kwa 3. Stanley Mortensen ndiye aliyefunga matatu kati ya manne hayo, hata hivyo watu wameiita fainali ya Matthews mpaka leo. Sisi twaona Mortensen alidhulumiwa kidogo. Mwaka 1956 Matthews alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa Ulaya, naye ndiye wa kwanza kupewa heshima hiyo. Alirudi Stoke mwaka 1961, na mchezo wake wa mwisho katika ligi aliucheza mwezi wa Februari 1965, umri wake miaka 50 na siku 5. Afrika nayo yamkumbuka: mwaka 1957 alikuwa Ghana na chama cha Hearts of Oak, na mwaka 1975 aliwapeleka vijana wa Soweto kucheza Brazil, wakati ambapo sheria za Afrika ya Kusini ziliwatenga weusi na weupe hata katika michezo.

Tulisema mna neno la kusikitisha. Matthews hakuvuta sigara, wala hakunywa pombe. Alikula mboga mbichi, akakimbia asubuhi, na watu wakasema kwamba ndiyo siri ya miguu yake kudumu. Lakini katika miaka ya 1930 picha yake ilitiwa ndani ya pakiti za sigara. Mvulana aliyempenda mtu huyu asiyevuta alimhimiza baba yake avute, ili aipate sura yake. Hatusemi kwamba Matthews alifanya kosa kwa kadi zile, maana kampuni ndizo zilizochagua picha. Ila mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikubali jina lake litumike katika matangazo ya sigara, na hilo ni gumu zaidi kulitetea. Mwaka 1950 wataalamu wawili, Richard Doll na Austin Bradford Hill, walikuwa wamekwisha kuandika katika jarida la madaktari wa Uingereza jinsi uvutaji unavyohusiana na saratani ya mapafu. Habari hizo zilikuwa hazijawafikia wengi. Waliovuta walikuwa wengi kuliko waliosoma majarida ya madaktari.

Kuna mchezaji wa Marekani, Honus Wagner wa mchezo wa besiboli, ambaye kadi yake ilitolewa kati ya 1909 na 1911, kisha ikasimamishwa upesi. Wako wasemao kwamba alikataa kwa sababu hakutaka watoto wanunue tumbaku ili kumpata yeye, na wako wasemao kwamba alitaka alipwe kwanza. Kwa vyovyote, zilizotoka zilikuwa chache mno, na mwaka 1922 au 1932 hakuna ambaye angaliamini yaliyofuata: mwaka 2022 kadi moja ya Wagner iliuzwa kwa dola milioni 7 na robo, nayo ilikuwa imechakaa.

Kadi za Matthews hazina bei ya namna hiyo, na sisi twaona ni heri, kwa kuwa mtu wa mapato ya kawaida aweza kuzikusanya. Afanyeje? Kwanza aandike orodha ya seti ambazo mchezaji wake aliweza kuwamo. Wills walitoa seti za wachezaji wa mpira mwaka 1935 na 1939. Churchman wa mji wa Ipswich mwaka 1938, na nyingine mwaka uliofuata. Na wako wengine. Orodha ndiyo dira ya mkusanyaji. Asiye nayo hununua kitu kile kile mara mbili, na akipita mbele ya kile anachokikosa hakitambui.

Pili, aigeuze kadi. Wageni wa kazi hii hutazama sura tu, lakini mambo mengi yako nyuma. Jina la kampuni, namba, hata umbo la herufi, hutofautisha seti na seti. Nyuma pia huonyesha kama kadi ilipata kubandikwa. Katika miaka ya 1930 kampuni ziliuza vitabu vya kubandikia kadi kwa peni moja, na watoto wakazilamba wakazibandika kwa furaha. Kadi iliyobanduliwa kitabuni imeacha ngozi yake humo. Tatu, ajihadhari na nakala. Seti nyingi za kale zimepigwa chapa upya. Mwuzaji mwaminifu husema hivyo waziwazi, na mara nyingi nakala yenyewe imeandikwa. Lakini karatasi nyeupe mno, laini mno, isiyo na alama ya miaka, ni ya kuulizia. Nne, kwetu sisi tukaao penye joto na unyevu, adui ni ukungu na mende. Kadi zitiwe katika mifuko myepesi ya plastiki isiyo na gundi, ndani ya sanduku kavu, mbali na jua na ukuta wenye maji. Zisifungwe kwa mpira, maana mpira hukata kingo.

Wako waliokusanya kwa namna isiyo na kipimo. Mwingereza mmoja, Edward Wharton-Tigar, alikusanya kadi zaidi ya milioni, na alipofariki mwaka 1995 zilikwenda kwenye jumba la makumbusho la London, British Museum. Lakini mkusanyaji wa mchezaji mmoja hana haja ya nyumba kubwa. Kazi yake yote yaweza kukaa juu ya meza.

Hebu tuzipange mezani. Upande wa kushoto kijana mwembamba wa Stoke, jezi ya mistari myekundu na myeupe, nywele zimelala vizuri. Kisha jezi nyeupe ya Uingereza. Upande wa kulia jezi ya rangi ya chungwa ya Blackpool, na kadi hizi hazikutoka katika sigara za kweli: nyingi zilitoka katika peremende nyeupe zilizotengenezwa kwa umbo la sigara, ncha nyekundu kama moto, zikauzwa kwa watoto. Nywele zimeanza kurudi nyuma. Mwisho ni Stoke tena, mtu mwenye uso wa makunyanzi, miguu ile ile. Na katikati ya meza pana nafasi tupu. Mwaka 1940 karatasi ilikuwa haba kwa ajili ya vita, kadi zikakoma kutiwa katika sigara, na miaka ile Matthews alikuwa kati ya umri wa 25 na 30, alipokuwa na nguvu zake zote. Mkusanyaji huiacha nafasi ile wazi, kwa kuwa hakuna cha kuitia.