Sauti ya chapa mbele ya wanamuziki: Funzo la Fender na Gibson

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii hupendwa sana na wafanyabiashara wasiotaka kulipia matangazo. Lakini sokoni hata kilicho chema hakina budi kuelezwa, na jinsi kinavyoelezwa kunaweza kuongeza wateja au kuwafukuza. Katika biashara ya vyombo vya muziki jambo hili ni zito zaidi, kwani mnunuzi ni mtu mwenye sikio kali, na mwenzake wa bendi husikia habari za duka siku hiyo hiyo.

Wataalamu wa masoko hulizungumzia jambo hili kama sauti ya chapa, yaani tabia inayojitokeza katika kila kinachoandikwa na kampuni: tangazo, maneno ya kwenye boksi, kijitabu cha maelekezo na barua ya kumjibu mteja aliyelalamika. Sauti isichanganywe na toni. Mtu huzungumza kwa namna moja msibani na kwa namna nyingine harusini, lakini wanaomfahamu hawashindwi kumtambua. Toni hubadilika kwa hali, sauti hubaki.

Mfano mzuri ni kampuni mbili za Marekani zinazojulikana kwa magitaa ya umeme, Fender na Gibson.

Fender ilianzishwa na Leo Fender mwaka 1946 huko California. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 matangazo yake yalimwonyesha mtu akiwa na gitaa mahali pasipotarajiwa, kwa mfano juu ya ubao wa kuteleza baharini. Ujumbe ulikuwa mwepesi: ukilipata gitaa hili hutakubali kuachana nalo. Hapakuwa na majigambo wala orodha ya vifaa. Kampuni ilizungumza kama mpigaji mwenzako mwenye utani.

Chini ya Andy Mooney, aliyeshika uongozi mwaka 2015, kampuni ilichunguza wanunuzi wake. Kwa maelezo ya Mooney, karibu asilimia 45 ya magitaa yaliyouzwa kwa mwaka yalikwenda kwa watu wanaoanza kujifunza, na asilimia 90 ya hao waliacha kupiga ndani ya mwaka mmoja. Wachache waliobaki ndio walioendelea kununua magitaa na amplifaya kwa miaka mingi. Karibu nusu ya wanunuzi wapya walikuwa wanawake.

Mfanyabiashara ataona mara moja hesabu iliyomo. Kumbakiza mwanafunzi mmoja kati ya kumi wanaoacha ni kupata mteja wa maisha. Lakini lugha ya biashara hii kwa miaka mingi ilikuwa ya mafundi na mashabiki wa solo ndefu, lugha inayomtisha mgeni. Mwezi Julai 2017 Fender ilianzisha Fender Play, mafunzo ya gitaa kwa njia ya intaneti, yenye masomo mafupi yanayomwezesha mwanafunzi kupiga wimbo anaoupenda mapema iwezekanavyo. Mwezi Machi 2020, ugonjwa wa UVIKO-19 ulipowafungia watu majumbani, ilitoa mafunzo hayo bure kwa miezi mitatu kwa watu 100,000 wa kwanza, kisha ikaongeza idadi hiyo. Mwaka huo mauzo yake yalivunja rekodi. Si haki kusema maneno pekee ndiyo yaliyouza, kwani watu wengi walikuwa nyumbani bila shughuli. Hata hivyo, mteja mpya alipobisha hodi alikuta lugha inayomkaribisha.

Gibson, kampuni ya tangu 1902, ilipita njia nyingine. Ilianza kujitambulisha kama kampuni ya maisha ya kimuziki kwa ujumla, na mwaka 2014 ikanunua kitengo cha vifaa vya sauti vya Philips kwa dola milioni 135. Tarehe 1 Mei 2018 iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake, ikiwa na madeni ya hadi dola milioni 500. Mzigo mkubwa ulitoka kwenye vifaa hivyo vya elektroniki. Magitaa yenyewe yalikuwa bado yanauzika. Mwezi Novemba 2018 ilitoka mahakamani ikiwa chini ya wamiliki wapya, wakiongozwa na kampuni ya uwekezaji ya KKR.

Ilipaswa kuwa nafasi ya kujijenga upya kwa wanamuziki. Badala yake, mwezi Juni 2019 ilitoa filamu fupi ya kuwaonya watengenezaji wengine wasiige maumbo ya magitaa yake. Kisheria, kulinda alama ya biashara si kosa. Kosa lilikuwa la sauti: maneno ya wakili yalitupwa mbele ya wapigaji, ambao wengi wao wana gitaa la Gibson na la mshindani nyumba moja. Wapigaji walikasirika, na filamu ikaondolewa baada ya siku chache. Mwezi huo huo mahakama ya Umoja wa Ulaya ilikataa kuirejesha alama ya umbo la gitaa la Flying V iliyokuwa imefutwa. Kampuni ikawa imeudhi wateja kwa haki ambayo Ulaya haikuwa nayo.

Mfanyabiashara anayetaka kuipa chapa yake sauti aanze na maswali matatu. Kwanza, ninazungumza na nani: anayeanza, mpigaji wa bendi, au mwenye studio? Pili, yeye huzungumzaje? Mpiga gitaa haambiwi "nyuzi bora kuliko zote". Anataka kujua kama seti ni ya inchi 0.010 hadi 0.046 na kama inastahimili onyesho la usiku kucha. Anayeanza, kwa upande wake, aelezwe kwamba uzi mwembamba hauumizi sana vidole. Tatu, ni maneno gani hatutayatumia kamwe? Majigambo, vitisho na istilahi zisizoelezwa ziingie katika orodha hiyo.

Majibu yaandikwe kwenye karatasi moja, pamoja na mifano miwili au mitatu ya "andika hivi, usiandike hivi". Kila anayeandika kwa jina la duka, kuanzia mwenye mali hadi karani wa mauzo, awe na nakala. Kabla ya tangazo kutoka, asomewe mpiga muziki mmoja asiyelipwa na duka. Akicheka mahali pasipo na utani, tangazo lirudi mezani.

Kwa mwekezaji mdogo, sauti haionekani kwenye mizania, lakini hutoa dalili mapema. Kampuni inapoacha kuzungumza kuhusu mteja wake wa asili na kuanza kujisifia biashara isiyoizoea, asome hesabu za madeni kwa makini zaidi kabla ya kutoa fedha zake.