Gari lisilonguruma

Asubuhi ya kwanza nilibonyeza kitufe cha kuwashia nikasubiri mngurumo. Kimya. Nikabonyeza tena, nikalizima. Mwanangu akacheka kiti cha nyuma: "Mama, lilikuwa limeshawaka!"

Ni Toyota Yaris ya haibridi, nimeichukua mpya, kwa mkopo, baada ya miaka sita ya kusubiri basi usiku nikitoka zamu hapa Uingereza. Halichomekwi kwenye umeme. Ukikanyaga breki, mota hugeuka jenereta na kurudisha kwenye betri nguvu ambayo ingepotea kama joto. Ukiondoka taratibu hutumia umeme. Ukihitaji nguvu zaidi, injini ya petroli huingia yenyewe. Kwa hiyo huokoa mafuta zaidi mjini, penye taa na foleni, kuliko kwenye barabara kuu. Siri ni kufunga breki mapema na polepole. Nami niliyezoea kukimbilia kila kitu, gari limenifundisha utulivu.

Lakini kwa wiki mbili sikumwambia mama, Tanga. Nilimwahidi mabati ya nyumba mwaka huu. Nilipokiri, simu ilinyamaza kama gari langu. Kisha akauliza, "Linakufikisha nyumbani salama usiku?"

"Ndiyo, mama."

"Basi mabati yatasubiri, mwanangu."

Hayatasubiri sana. Nauli ya teksi za usiku sasa naiweka kando, na mwezi huu nimetuma fedha za mabati ya kwanza.